Kariakoo haina giza, ina kiwi

Kila ajali ya usiku inapotokea katikati ya jiji la Dar es Salaam, au mtu anapokwapuliwa simu kituoni, kauli ya kwanza kusikika ni kwamba taa hazitoshi. Viongozi huahidi nguzo mpya, mwenye duka huongeza taa nyingine juu ya mlango, na mtaa hung'aa zaidi ya jana. Tangu Kariakoo itangazwe kuwa eneo la biashara saa 24 mwaka 2025, hamu hiyo ya kuongeza taa imepamba moto. Mimi napinga tiba hiyo. Kuanzia Posta hadi Gerezani, mitaa mingi ya biashara ina mwanga wa kutosha na kubaki. Kasoro yake ni kwamba unapiga machoni kabla ya kufika chini. Taa nyingi kati ya hizi zingeponywa kwa spana na ngazi. Tusipoanza kupima mwanga unaoingia jichoni, tukaendelea kuhesabu wati zilizoandikwa kwenye boksi, tutazidi kulipia umeme unaotunyima kuona.

Chukua Mtaa wa Msimbazi mida ya saa mbili usiku. Juu ya mlango wa duka la vitenge imefungwa taa bapa ya LED, ile nyembamba yenye kioo mbele na breketi nyuma, wati 100, kwenye kimo cha mita tatu hivi. Fundi ameikaza ikitazama mbele ili imulike mpaka ng'ambo. Duka la jirani lina yake, na la viatu lina mbili. Chini yake zimepangwa meza za machinga, guta lililosheheni marobota linatafuta upenyo, na watu wanavuka kuelekea njia ya mwendokasi. Dereva wa bajaji anayekuja anaziona taa zote nne bila shida. Asichokiona ni kijana mwenye shati jeusi anayeteremka barabarani hatua chache kutoka kwenye taa hizo.

Sababu iko ndani ya jicho lenyewe. Hakuna jicho lenye uwazi kamili. Mwanga unapopita kwenye konea na lenzi, sehemu yake hutawanyika na kusambaa juu ya retina, hata pale palipotakiwa kupokea taswira ya kitu kingine. Mwanga huo uliotawanyika hutandaza pazia jeupe juu ya kila unachokitazama. Cheusi kinakuwa kijivu, kijivu kinashabihiana na lami, na mtu anapotea mbele ya macho yaliyo wazi. Watafiti walianza kulipima pazia hili katika miaka ya 1920, na kanuni inayobeba majina ya Stiles na Holladay ndiyo tunayoitumia hadi leo: chukua laksi za mwanga unaofika jichoni, zidisha kwa 10, kisha gawanya kwa mraba wa pembe iliyopo kati ya taa na kile unachokitazama. Uzito wote uko kwenye huo mraba. Taa ikishuka kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 10 kutoka mstari wa macho, pazia huwa zito mara nne. Ikifika nyuzi 5, mara 16.

Tuihesabu ile taa ya duka la vitenge. Wati 100 za LED hutoa takriban lumeni 10,000, ikiwa boksi halidanganyi, na kwa namna taa hizi bapa zinavyosambaza mwanga, kandela zipatazo 3,000 na ushee huelekea mbele kabisa. Dereva aliye mita 20 anapokea laksi 8 hivi machoni. Mbalamwezi angavu kabisa haifikishi hata nusu laksi. Taa imezidi usawa wa macho yake kwa mita moja na nusu tu, imekaa pembeni kidogo, kwa hiyo pembe ni kama nyuzi 5. Nane mara kumi, gawanya kwa 25: pazia la kandela 3.2 kwa mita ya mraba. Sasa barabara ya mjini iliyoangazwa vizuri, kwa viwango vya kimataifa, ina mng'aro wa kandela 1 hivi kwa mita ya mraba. Pazia limeishinda barabara mara tatu. Yule kijana ambaye nguo zake zina nusu ya mng'aro wa lami alikuwa akitofautiana na lami kwa asilimia 50. Baada ya pazia kutanda, tofauti hiyo imebaki asilimia 12. Na hiyo ni taa moja. Zikiwa nne, mapazia yake hujumlishwa.

Taa hiyohiyo, bila kuipunguzia hata wati moja, ukiipandisha hadi mita 8, pembe inafika nyuzi 18 na pazia linashuka hadi kandela 0.2 hivi. Viwango vya Ulaya vya taa za barabarani, EN 13201, vina kipimo kinachoonyesha ni kwa asilimia ngapi kitu kinapaswa kuzidi kutofautiana na mandhari yake ili dereva aliyetiwa kiwi akione. Kwa barabara za aina hii ukomo ni asilimia 15. Taa ya mita tatu inavuka asilimia 200. Ya mita nane inaingia ndani ya ukomo. Kama duka halina ukuta wa kufikia mita nane, iache palepale lakini uiinamishe mpaka kioo chake kitazame chini: mwanga unaokwenda mlalo kuelekea machoni hushuka chini ya sehemu moja ya kumi, na ule uliokuwa ukipotelea ng'ambo unaangukia meza ya bidhaa.

Hesabu hizi ni za jicho la kijana. Lenzi ya jicho huchafuka kadiri umri unavyosonga, na kwa kanuni zinazokubalika za CIE, Tume ya Kimataifa ya Mwanga, mtu wa miaka 70 hupata pazia zito takriban mara mbili ya kijana chini ya taa ileile. Mwenye mtoto wa jicho anaanza vibaya zaidi, na wako wengi miongoni mwetu ambao hawajafika kwenye upasuaji. Ongeza kioo cha gari kilichokwaruzwa na vumbi na waipa, ongeza unyevu wa hewa ya pwani, na kila kimoja kinautawanya mwanga kabla haujalifikia jicho. Mzee anayesema hatembei tena Kariakoo usiku kwa sababu haoni, mjukuu wake humwambia mbona taa zipo kibao. Wote wawili wanasema kweli.

Hapa ndipo penye dhana potofu: kwamba macho yatazoea. Kuna mambo mawili yanayochanganywa. Moja ni kero, yaani ule msukumo wa kukunja uso na kugeuka pembeni. Hiyo mtu anaweza kuizoea. La pili ni pazia lenyewe, ambalo ni suala la fizikia tu. Hulizoei, kama usivyoweza kuuzoea ukungu ukaona kupita katikati yake. Tena mazoea yenyewe yana gharama. Jicho lililojirekebisha kwa taa kali halina akiba ya kuonea kwenye kivuli, na kulirudisha kwenye uwezo wake kamili wa gizani huchukua nusu saa au karibu na hapo. Anayetoka kwenye mng'aro wa Msimbazi akakata kona kuingia uchochoro wa nyuma hutembea hatua zake za mwanzo akipapasa. Uchochoro ule haukuwa na giza kiasi hicho; taa za mtaa wa mbele ndizo zilizoutia giza.

Wanaotutia kiwi ni nani

Taa za maduka ni kundi la kwanza, na zina tabia inayoeleza kwa nini tatizo linakua bila mtu kulipanga. Jicho hujipima kwa kile kinachong'aa kuliko vyote. Duka moja likiweka wati 100, la jirani lenye wati 30 linaonekana limefungwa, ingawa jana lilitosha kabisa. Jirani naye anaweka 150. Baada ya miezi michache kila mmoja analipa umeme zaidi, wateja wanakunja nyuso, na hakuna aliyempita mwenzake. Ndiyo maana kumshauri mwenye duka mmoja mmoja hakufiki mbali. Anayepunguza peke yake anaadhibiwa na mtaa mzima.

Kundi la pili ni taa za barabarani zenyewe. Zile za zamani za sodiamu, zenye rangi ya machungwa, zilifungwa kwenye mikono iliyoinuliwa juu ili mwanga ufike mbali. LED zilipokuja, kichwa kipya kiliwekwa mahali pengi kwenye mkono uleule. Lakini kichwa cha LED kina lenzi zilizobuniwa kikae mlalo. Ukikiinua nyuzi 15, ile sehemu kali ya mwanga iliyokusudiwa kukomea kwenye lami inapanda hadi usawa wa kioo cha gari. Taa za sola za kipande kimoja, ambazo paneli na taa vimeungana, zina kasoro ya namna yake: fundi huinamisha paneli ili ifuate jua, na taa nayo inageukia madereva. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Paneli hapa inahitaji mwinamo kidogo tu, wa kuwezesha mvua kuosha vumbi. Kuiinamisha kana kwamba tuko Ulaya ni kuifuata michoro ya nchi za watu bila kutazama jua letu liko wapi.

Kundi la tatu ni mabango ya skrini kwenye makutano. Ili lisomeke chini ya jua la saa sita mchana, bango linahitaji maelfu ya kandela kwa kila mita ya mraba. Usiku, mwongozo wa CIE wa mwaka 2017 kuhusu mwanga unaokera unaweka ukomo wa kandela 1,000 kwa mita ya mraba kwa mabango ya katikati ya miji, na kadiri eneo linavyokuwa la makazi ukomo unashuka. Skrini hizi zina uwezo wa kujipunguza. Kazi hiyo hufanywa na sensa ndogo au ratiba iliyowekwa kwenye programu. Sensa ikifunikwa na vumbi, au mwendeshaji asipoweka ratiba, bango la mchana linawaka usiku. Tangazo lenye mandharinyuma nyeupe linapoingia, makutano mazima hubadilika rangi, na dereva anayesubiri taa za kuongozea magari hutazama nukta ndogo nyekundu iliyo mbele ya ukuta wa mwanga.

Wapo watakaosema namwonea mwenye duka, kwamba balaa hasa ni taa za magari na za bodaboda. Ni kweli zimo, hasa pale globu ya LED inapochomekwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa globu ya halojeni, mwanga ukaruka kila upande. Lakini gari linapita, na dereva muungwana hushusha taa anapopishana na mwenzake. Taa ya ukutani inawaka usiku kucha na haina wa kuishusha.

Usalama, rangi na anasa

Hoja nzito kuliko zote ni ya usalama, na haifai kuibeza. Mwanga husaidia. Jaribio lililofanyika New York mwaka 2016, ambapo minara ya taa ilipelekwa kwa bahati nasibu katika baadhi ya makazi ya umma, lilionyesha uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukipungua kwa takriban asilimia 36. Asiyetaka taa mtaani hana hoja na mimi simo upande wake. Ila matokeo hayo hayasemi kwamba mwanga ukizidi maradufu usalama nao unazidi maradufu. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015, uliohusisha halmashauri 62 za England na Wales, haukupata ushahidi kwamba kupunguza au kuzima baadhi ya taa usiku wa manane kuliongeza ajali au uhalifu. Kinachomlinda mpita njia ni kuuona uso wa anayemkaribia mapema, akiwa na muda wa kubadilisha njia. Taa inayowaka nyuma ya mtu huyo humfanya kivuli kisicho na sura. Hata kamera hulemewa: ikielekezewa taa kali hujirekebisha kwa taa hiyo, na mwizi anabaki doa jeusi kwenye picha. Mwenye duka aliyefunga taa ya wati 200 pembeni ya kamera, vyote vikitazama barabara, ananunua ulinzi kwa mkono mmoja na kuupoteza kwa mwingine.

Wauza nguo wana hoja yao: taa nyeupe ya kelvini 6,500 huonyesha rangi za kitenge vizuri. Hapa sifa mbili za taa zimechanganywa. Weupe wa taa ni jambo moja, uaminifu wake katika kuonyesha rangi ni jambo jingine, na taa yenye rangi ya joto ya kelvini 3,000 inaweza kuonyesha nyekundu na kijani kwa uaminifu kama nyeupe, mradi imetengenezwa vizuri. Kwa upande wa macho, weupe wenye ubuluu huzidisha kero kwa watazamaji wengi. Chama cha Madaktari cha Marekani mwaka 2016 kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3,000 na zifunikwe zisitie kiwi. Muuzaji anayetaka taa nyeupe juu ya majora yake aiweke ndani, ikitazama majora. Iliyoko nje ikimtazama mteja haimwonyeshi kitambaa chochote.

Kisha kuna wanaoliona jambo hili kama anasa ya nchi tajiri, shughuli ya watazama nyota. Kweli asili yake ina nyota ndani yake. Flagstaff, mji wa Arizona wenye kituo cha Lowell cha kutazama anga, ulipiga marufuku taa za kurunzi za matangazo mwaka 1958, na mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa rasmi kwa kulinda anga ya usiku. Lakini Ufaransa ilipotoa amri yake ya Desemba 2018, iliyobana weupe wa taa za nje na mwanga unaokwenda juu, na kutaka taa za maduka zizimwe ifikapo saa saba usiku kama biashara imefungwa, ilikuwa inalenga pia usingizi wa watu na bili ya umeme. Kwetu hoja ya fedha ni nzito kuliko kwao. Mwenye duka analipa kwa luku, uniti kwa uniti. Mwanga unaovuka barabara na kupiga ghorofa ya tatu ng'ambo, ukaukatiza usingizi wa mpangaji, ni uniti zake zilizokwenda kumkera mtu asiyenunua kitu.

Tufanye nini? La kwanza halihitaji kibali cha mtu. Simama barabarani usiku, mahali mteja wako anapotokea, tazama mlango wa duka lako, kisha nyosha mkono uizibe taa kwa kiganja. Kama unaona mlango, ngazi na bidhaa vizuri zaidi taa ikiwa imezibwa, taa hiyo inakuibia. Legeza boliti za breketi, iinamishe mpaka kioo kitazame chini, kaza, rudi barabarani ujaribu tena. Isipowezekana kuiinamisha, kipande cha bati kilichokunjwa juu na mbele ya kioo kinatosha kuificha isionekane na macho.

La pili, tuanze na mtaa mzima, kwa sababu mashindano niliyoyaeleza hayavunjwi na duka moja. Mtaa wa Kongo ungefaa: una msongamano, una machinga na maduka uso kwa uso, na viongozi wa wafanyabiashara na mtendaji wa mtaa wanaweza kuwaita wenye maduka kikao kimoja. Wakubaliane kwamba hakuna taa ya nje inayotazama mlalo, na usiku mmoja mafundi wapite nao duka kwa duka. Zikiinama zote pamoja, hakuna atakayeonekana amefunga.

La tatu ni mafunzo. Leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na wengi wao hupitia vyuo vya ufundi vya VETA. Fundi wetu anajua kupima mzigo wa waya na kufunga saketi breka. Suala la mwanga kwenda wapi anaachiwa mteja, na mteja husema imulike mpaka ng'ambo. Somo fupi la pembe, kimo na kivuli lingebadilisha maelfu ya milango. Samaki mkunje angali mbichi, na fundi mfundishe kabla hajapanda ngazi ya kwanza.

La nne ni la Jiji na wakala wa barabara, TARURA na TANROADS. Zabuni ya taa za barabarani itaje ukomo wa kiwi kama inavyotaja idadi ya nguzo: kichwa kikae mlalo, kelvini zisizidi 3,000, na mkandarasi awasilishe hesabu ya pazia pamoja na hesabu ya mwanga wa lami. Kibali cha bango la skrini kitaje kandela za usiku, na anayevunja sharti azimiwe bango hadi alirekebishe, maana faini ndogo huingizwa tu kwenye bei ya tangazo.

La mwisho ndilo ningeanza nalo kama ningepewa nafasi moja tu. Miradi ya taa hukabidhiwa mchana, watu wakiwa na miwani ya jua, nguzo zikahesabiwa na utepe ukakatwa. Ipokelewe usiku. Mkaguzi aje saa mbili, atembee kwa miguu pande zote mbili za barabara, akae kwenye kiti cha bajaji, avuke pale wanawake wenye ndoo na watoto wanapovuka, na awe amefuatana na mtu wa miaka 60 kwenda juu. Mkandarasi asipewe malipo ya mwisho mpaka huyo mzee aseme ameona anakokanyaga.